Diski ya Leo, Seva ya Jana: Wajibu ni wa Nani?

Hoja iliyo mezani ni fupi. Diski ya Linux ikifomatiwa kwenye toleo jipya la mfumo, kisha ikakataliwa na kompyuta yenye toleo la zamani, kosa ni la nani: la aliyeifomati au la aliyeshindwa kuifungua? Na diski ya zamani nayo, je, ina haki ya kusomwa na kompyuta ya leo, au ikipitwa imepitwa?

Katika Bonde la Ufa la kati hili si swali la darasani tu. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, imezungukwa na taasisi zenye mashine za kila umri. Kuna Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, Chuo Kikuu cha Kabarak, na zahanati na hospitali kuanzia Molo hadi Naivasha. Vituo vingi vya afya nchini hutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya OpenMRS, na kwa kawaida seva yake huwa ya Ubuntu. OpenMRS yenyewe ina mizizi hapahapa bondeni. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Uzoefu huo ulisaidia kuzaa OpenMRS mwaka 2004, na miaka miwili baadaye ikaanza kazi Eldoret. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili. Seva za zahanati hazibadilishwi kwa mwendo huo, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Sauti nne zimeketishwa kwenye mjadala huu. Hazina majina, kwa kuwa kila moja inasimama kwa niaba ya kazi na si ya mtu fulani: fundi wa kompyuta mwenye duka katikati ya jiji, dada anayetunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati ya upande wa Gilgil, mwalimu wa chuo anayefundisha mifumo ya uendeshaji, na mzee mstaafu aliyesimamia seva tangu enzi ambazo Unix ilikuwa ya kulipiwa.

Kesi ni hii. Dada amenunua diski ya nje ya terabaiti moja. Kijana wa ofisi ameifomati kwa mfumo wa faili wa ext4 kwenye laptopu yake mpya, akatumia amri ya mke2fs ya toleo 1.47 bila kubadilisha mpangilio wowote. Ijumaa jioni diski imeunganishwa na seva ya zahanati, ambayo bado ina Ubuntu 14.04 na keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) yake ya awali, 3.13. Seva imeiona diski, imeona sehemu yake, lakini imekataa kuimaunti, yaani kuipa nafasi kwenye mti wa saraka ili faili zake zionekane. Kwenye kumbukumbu za keneli umeachwa ujumbe kwamba diski ina sifa zisizotambulika, na msimbo mmoja: 2000.

“Dada yangu, diski haina shida yoyote,” fundi anaanza. “Seva yako ndiyo imepitwa. Ubuntu 14.04 ilitoka Aprili 2014, na msaada wake wa kawaida ulikwisha Aprili 2019. Sasisha mfumo, diski itafunguka leo hii.”

“Ningekuwa na uwezo huo nisingekuja kwako, fundi,” dada anajibu. “Hiyo seva ina faili za watu wote wanaotibiwa kwetu. Nikiisasisha bila idhini ya wanaosimamia programu, kisha ikakataa kuwaka, wagonjwa wa Jumatatu nitawaandika wapi? Mimi sikuomba kitu kipya. Niliomba diski ya kuwekea bakapu.”

Mwalimu anaomba nafasi kabla wawili hao hawajapandishiana sauti. Anasema swali la nani mkosaji haliwezi kujibiwa kabla ya kujua diski inasema nini juu yake yenyewe. Kila diski ya ext2, ext3 au ext4 ina superbloku, iliyoandikwa baiti 1,024 kutoka mwanzo wa sehemu yake. Humo mna alama ya ukoo, EF53, ambayo ni ileile kwa mifumo yote mitatu. Kinachotofautisha toleo na toleo ni bendera zinazofuata: biti ndogondogo, kila moja ikitangaza sifa fulani iliyotumika wakati wa kufomati.

“Na bendera hizo zimegawanywa katika makundi matatu,” mwalimu anaeleza. “Ya kundi la kwanza inaiambia keneli: kama hunijui, endelea tu, hutaharibu kitu. Ya kundi la pili: kama hunijui, soma lakini usiandike. Ya kundi la tatu: kama hunijui, usifungue kabisa. Kwa hiyo seva ya dada haikushindwa. Imekutana na bendera ya kundi la tatu, ikatii.”

Mgawanyo huu ni kati ya mambo bora kabisa yaliyowahi kuandikwa ndani ya Linux, na hausemwi vya kutosha. Waliobuni ext2 mwaka 1993, Rémy Card na wenzake, pamoja na walioiendeleza kama Theodore Ts'o na Stephen Tweedie, walijua kwamba watakaokuja watataka kuongeza mambo. Hawakuweza kujua ni mambo gani. Waliweza, hata hivyo, kumwachia mgeni wa baadaye namna ya kumwambia mwenyeji wa zamani kama kuna hatari au hakuna. Keneli ya 2014 haiwezi kujua kitakachobuniwa 2016, ila inaweza kujua kwamba haikijui, na ikajizuia kabla ya kuharibu.

Sasa msimbo ule, 2000. Unaonyesha sifa iitwayo metadata_csum_seed, inayotambuliwa na keneli kuanzia toleo 4.4 la Januari 2016. e2fsprogs 1.47.0, furushi la Februari 2023 ambamo mke2fs hukaa, ndiyo iliyoanza kuiwasha bila kuulizwa, pamoja na sifa nyingine iitwayo orphan_file.

“Zinafanya nini?” dada anauliza.

Mwalimu anamjibu bila kuzunguka. Ya kwanza inawezesha kubadilisha namba ya utambulisho wa diski, UUID, hata ikiwa imemauntiwa. Inawafaa sana wanaonakili mfumo mmoja uliokwisha kusimikwa kwenye mamia ya mashine za kukodisha. Ya pili inaharakisha kazi pale michakato mingi inapofuta au kufupisha faili kwa wakati mmoja kwenye mashine yenye viini vingi.

“Kwetu Gilgil nani anabadilisha namba ya diski ikiwa kazini?” dada anasema. “Nimefungiwa nje ya bakapu yangu kwa ajili ya jambo ambalo sitalifanya maishani.”

Hapo mzee anapata upenyo. “Hilo ndilo nililokuwa nangoja mlifikie, wanangu. Anayefomati diski anaandika masharti, na masharti hayo yatamfunga mtu asiyekuwepo. Kijana wa ofisi alikuwa na nafasi ya kuzima bendera mbili kwa mstari mmoja wa amri. Hakuzima kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba diski ni ya kusafiri. Wajibu ni wake, na ni wa aliyemtuma.”

Fundi hakubali kirahisi, na hoja yake haistahili kupuuzwa. Anakumbusha kwamba waliochagua mipangilio ya kawaida si watu wa kubahatisha. Anatoa mfano wa metadata_csum, sifa iliyowashwa kuanzia e2fsprogs 1.43 ya mwaka 2016. Hiyo huweka hesabu ya uhakiki kwenye kila rekodi ya ndani ya mfumo wa faili, ili uharibifu ugunduliwe mapema badala ya kuendelea kimyakimya. “Nikiizima ili kumfurahisha mwenye Linux ya zamani ya CentOS 6, nimemnyima kila mtu mwingine ulinzi huo. Tutabaki nyuma kwa kumngoja wa mwisho mpaka lini? Na seva isiyopata viraka vya usalama tangu 2019, iliyojaa habari za wagonjwa, ni hatari kubwa kuliko diski kukataliwa.”

Ni kweli. Metadata_csum iko kwenye kundi la pili la bendera, na keneli 2.6.32 ya CentOS 6 ikikutana nayo hutaja msimbo 400, kisha hukubali kusoma tu. Mtu wa CentOS 6 anapata data yake; anachokosa ni ruhusa ya kuandika. Msaada wa CentOS 6 uliisha Novemba 30, 2020. Hapa fundi ana haki: sifa inayolinda data ya wengi isiondolewe kwa sababu ya mashine moja iliyopaswa kupumzishwa, hasa ikiwa mashine hiyo bado inaweza kusoma.

Lakini hoja yake haifiki kwenye kesi ya dada. Sifa iliyomfungia dada haimlindi na kitu. Na kuna ushahidi kwamba hata watengenezaji wa mifumo ya faili wanaona wajibu uko upande wa mwenye kufomati. Mzee anautaja: ZFS. Mkusanyiko wa diski za ZFS ukishapandishwa daraja kwa amri ya zpool upgrade, haurudi nyuma, na kompyuta ya toleo la chini huenda isiufungue tena. Malalamiko yalikuwa mengi, na OpenZFS 2.1 ya Julai 2021 ikaleta sifa inayoitwa compatibility. Unapounda mkusanyiko unataja mapema matoleo gani lazima yaweze kuusoma, na mfumo hauwashi chochote kilicho nje ya hayo. Swali la nani atakayeisoma linaulizwa siku ya kwanza, kabla faili hata moja haijaandikwa.

Upande wa XFS, mfumo mwingine wa faili, mambo ni makali zaidi. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotolewa Mei 2022, huwasha sifa iitwayo bigtime inayosogeza mwisho wa tarehe za faili hadi mwaka 2486. Diski iliyofomatiwa hapo kwa mpangilio wa kawaida haifunguki kwenye RHEL 8, mfumo ambao bado unahudumiwa na kampuni ileile. Mwenye ofisi yenye seva moja ya 8 na nyingine ya 9 hana mashine ya zamani ya kulaumu. Alichohitaji ni kujua.

Habari njema kwa dada ni kwamba diski yake haihitaji kufomatiwa upya. Ikirudishwa kwenye laptopu ile mpya, ikiwa haijamauntiwa, tune2fs ya toleo 1.47 inaweza kuzima bendera zote mbili na faili zikabaki salama. Mwalimu anaonya tu kwamba lazima iwe tune2fs mpya. Ya zamani huenda isizijue bendera hizo zote mbili, na isichokijua haiwezi kukizima. Hilo huwashangaza hata wenye Ubuntu 22.04: diski yenye orphan_file inafunguka vizuri, lakini siku ya kukagua makosa e2fsck yao ya 1.46 inakataa, ikitaja FEATURE_C12 na kudai toleo jipya. Keneli imekubali, zana ya ukaguzi imekataa, kwenye mashine ileile.

Mjadala unageuka. Fundi anataka kuzungumzia upande wa pili, diski za zamani kwenye kompyuta mpya, kwa sababu anaamini huko ushindi ni wake.

“Niletee diski ya ext2 ya miaka ya tisini,” anasema, “nitaifungua kwa Linux ya mwaka huu. Programu ya ext3 iliondolewa kwenye keneli 4.3 mwaka 2015, na hakuna aliyelia, kwa sababu ile ya ext4 inasoma zote tatu. Mpya husoma ya kale. Basi dawa ni moja: kila mtu awe na mfumo mpya.”

“Na ReiserFS?” mzee anauliza.

Fundi ananyamaza, na mzee anasimulia mwenyewe. ReiserFS iliingia kwenye keneli 2.4.1 mwaka 2001. Ilikuwa mfumo wa kwanza wa faili wenye shajara, yaani daftari la mabadiliko yanayoendelea, ndani ya keneli rasmi ya Linux. SUSE iliifanya chaguo lake la kawaida hadi 2006. Kwa wenye faili ndogo nyingi, kama barua pepe, ilipendwa sana. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa inaelekea kuondolewa, na Linux 6.13, iliyotoka Januari 2025, haina ReiserFS tena. Mwenye diski ya aina hiyo kabatini, akiiunganisha na kompyuta yenye keneli hiyo au iliyofuata, ataambiwa mfumo wa faili haujulikani. Faili zake ziko palepale.

Kuna tarehe nyingine ambazo mzee anataka ziandikwe ukutani. XFS ya muundo wa nne, uliotumika kwa kawaida kwenye CentOS 7 ya awali, imepangiwa kuondolewa kwenye keneli Septemba 2030. Diski zenye rekodi za baiti 128 kwa kila faili, kama zilivyokuwa za ext2 na ext3 nyingi, haziwezi kuandika tarehe iliyo mbele ya Januari 19, 2038. Zenye rekodi za baiti 256, ambazo ndizo za ext4 ya kawaida, zinafika mwaka 2446.

“Kwa hiyo mpya husoma ya kale mpaka siku itakapoacha,” mzee anamwambia fundi. “Na siku hiyo hutangazwa kwa barua za wahandisi ambazo wewe na dada hapa hamzisomi.”

Mwalimu ana njia ya tatu, na ndiyo anayofundisha darasani. Mtu asilazimishe keneli ya leo kuisoma diski ya 2004, wala asitafute kompyuta ya 2004. Achukue nakala kamili ya diski, biti kwa biti, kisha aifungue ndani ya mashine pepe yenye mfumo wa enzi ile. Mradi wa Debian unahifadhi matoleo yake ya zamani hadharani kwenye archive.debian.org, na yanashushwa bure. Keneli ya kale ndani ya mashine pepe itaisoma ReiserFS kama ilivyoisoma zamani, na faili zitatolewa nje kupitia mtandao.

“Tatizo si ujuzi, ni thamani tunayoipa data,” mwalimu anaongeza. Anatoa mfano wa jirani. Kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro kilianzishwa 1927, na tangu 2005 mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa hapo ili zipimwe dhidi ya kutu ya shina ya ukoo wa Ug99, uliogunduliwa Uganda. Upinzani wa ugonjwa haupimwi kwa msimu mmoja. Matokeo ya miaka ishirini iliyopita ndiyo yanayoonyesha ni mbegu gani ilisimama na ni ipi iliyoanguka kuvu lilipobadilika. Mtafiti anayeweka takwimu kama hizo kwenye diski moja, bila kuandika ilifomatiwa na mfumo gani, anamwachia mrithi wake kitendawili.

Dada anarudi na jambo linalomkera. Mwaka mmoja diski ya seva yao ya awali ilipelekwa kwenye duka la ukarabati, na ilirudi na faili chache kuliko zilizokwenda. Aliambiwa ilifunguliwa kwa kusoma tu. Iliwezekanaje faili zipotee?

Fundi, kwa heshima yake, anaeleza kilichoweza kutokea bila kumtetea mwenzake asiyemjua. Ext4 ikimauntiwa kwa kusoma tu bado inaweza kuandika, ikiwa mashine ilizimika ghafla. Umeme ukikatika, kama ulivyokatika karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, shajara hubaki na kazi ambayo haijakamilika. Keneli ikifungua diski hiyo, hata kwa kusoma tu, hukamilisha kazi hiyo kwanza. Hilo kwa kawaida ni jema. Kwenye diski inayokufa, au ikiwa fundi amefuatisha e2fsck yenye kujibu ndiyo kwa kila swali, linaweza kuwa mwisho wa faili.

“Ninachofanya mimi,” anasema, “ni kuifunga diski isiandikwe kwa blockdev, kisha ddrescue inakili kila kitu kwenye diski yangu. Nikimaunti, namaunti nakala, na ninaongeza noload ili shajara isiguswe. Diski ya gigabaiti 500 kwa USB 2.0 inachukua kama saa nne. Wateja wengi hawapendi kungoja.”

Hili ndilo jambo ambalo pande zote zinakubaliana, na mwandishi anaona ndilo lenye faida ya haraka kuliko mengine yote katika mjadala huu: usifungue diski ya asili kabla ya kuwa na nakala yake. Saa nne za kungoja dhidi ya kumbukumbu za matibabu za miaka ni bei ndogo. Tena fundi anaongeza tahadhari inayookoa wengi. Baadhi ya makasha ya USB hutangaza sekta za baiti 4,096 ilhali diski iliyo ndani hutumia 512. Ukiitoa diski kwenye kasha lake na kuiunganisha moja kwa moja, jedwali la sehemu linaonekana takataka, na mtu anadhani toleo la mfumo ndilo lililokataa. Rudisha kwenye kasha lile kwanza kabla ya kutangaza msiba.

Diski ikifunguka, safari bado. Linux haiandiki jina la mwenye faili, huandika namba. Kwenye CentOS 6 mtumiaji wa kwanza alipewa namba 500. CentOS 7, ya mwaka 2014, ikaanza na 1000, kama Ubuntu na Debian. Faili za ofisi ya zamani zikifika kwenye mashine mpya zinaonekana ni mali ya mtu 500 asiyekuwepo, na karani anakatazwa kusoma barua alizoziandika mwenyewe. Chown inalimaliza hilo, mradi ifanywe kwenye nakala.

Gumu zaidi ni hifadhidata. OpenMRS huweka data yake kwenye MySQL au MariaDB, na saraka ya /var/lib/mysql ikinakiliwa nzima kutoka diski ya zamani haimaanishi itafunguka. MySQL 8.0 haipokei moja kwa moja faili za 5.6, lazima zipitie 5.7. Na zikishapandishwa hadi 8.0 hazishuki. Kwa hiyo bakapu ya dada, hata ikiwa kwenye diski inayofunguka popote, itakuwa salama zaidi ikiwa ni matini ya SQL iliyotolewa na mysqldump. Hiyo inasomeka hata kwa jicho.

“Basi tufomati diski zote za kusafiri kwa exFAT, tumalize,” fundi anapendekeza. Linux ina programu ya exFAT ndani ya keneli tangu 5.4 ya mwaka 2019, na Windows na Mac zinaisoma. Mzee anatikisa kichwa: exFAT haitunzi mwenye faili, ruhusa zake, wala viungo. Mwalimu anawapatanisha, kwani faili zikifungwa kwanza ndani ya tar, hayo yote husafiri ndani ya furushi na diski inabaki ya kubebea tu. Lakini ndugu wa mbali wa ukoo wa Unix wana masharti yao. Diski ya mfumo wa pfSense, ambao umejengwa juu ya FreeBSD, huwa na UFS2 au ZFS. Linux husoma UFS2 ukiitajia aina yake, ila kuandika bado kunaonywa kuwa ni hatari.

Mzee anamalizia na sheria, kwa sababu dada ameuliza kama anaruhusiwa kumwachia fundi diski. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti. Diski ya bakapu inayobebwa kwenye matatu kutoka Gilgil hadi Nakuru inapaswa kusimbwa. Hapo tena toleo lina neno: cryptsetup tangu 2.1 ya 2019 husimba kwa muundo wa LUKS2, na Ubuntu 16.04 haiwezi kuufungua hata ukiwa na nywila sahihi. Anayesimba ataje LUKS1 ikiwa msomaji ni wa zamani.

Uamuzi wa mwandishi unaegemea kwa mzee, kwa sharti moja la fundi. Aliyeshika diski tupu ndiye mwenye uwezo wa kuchagua. Aliyeipokea ikiwa imejaa hana. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa anayefomati, na anayetuma diski aseme inakwenda kusomwa wapi. Sharti la fundi ni kwamba uvumilivu kwa mashine za zamani uwe na kikomo: seva isiyopata viraka isitumiwe kama kisingizio mwaka baada ya mwaka, na wanaosimamia programu za zahanati watoe ratiba ya kusasisha badala ya kuwaacha makarani wakiogopa kugusa.

Kwa msomaji mwenye diski kabatini, ofisini au nyumbani, kazi ya wiki hii ni ndogo. Iunganishe na kompyuta inayoisoma, toa orodha ya bendera zake kwa dumpe2fs -h ikiwa ni ya ukoo wa ext, au xfs_info ikiwa ni ya XFS. Andika kwenye karatasi aina ya mfumo wa faili, toleo la mfumo ulioifomati na mwaka, kisha ubandike karatasi hiyo juu ya diski. Ikiwa ni ReiserFS, hamisha data sasa, kwa keneli ya kabla ya 6.13. Ikiwa ni XFS ya zamani na xfs_info inaonyesha crc=0, una hadi Septemba 2030.